Rangi ya Unga au Rangi ya Kawaida kwenye Vyuma vya Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwenye gari, pikipiki au tela ambaye fundi mmoja amemwambia apige rangi ya unga, na fundi wa pili akamwambia huko ni kutupa hela. Huenda wote wawili wako sahihi, kila mmoja akiwa na chuma tofauti kichwani. Kabla ya kuuliza ipi ni bora, jiulize mambo mawili: je, kipande hiki kinaweza kufunguliwa kikabaki chuma kitupu? Na kikichubuka, nitakitengenezaje? Majibu mengi hapa chini yanazunguka hapo.

Rangi ya unga ni nini hasa?

Ni unga mkavu wa resini uliosagwa pamoja na rangi na kigumishi chake. Hauna tina. Bunduki ya kupulizia huupa unga chaji ya umeme ya makumi ya kilovolti, kipande nacho kinaning'inizwa kikiwa kimefungwa ethi (waya wa kukiunganisha na ardhi), na kwa hiyo unga unavutwa na kushika chuma pande zote, hata nyuma kidogo. Kisha kipande kinaingia kwenye oveni. Unga unayeyuka, unatambaa na kufungamana kuwa ngozi moja ambayo hairudi kuwa unga wala kuyeyuka tena.

Joto la kawaida ni nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 20. Dakika hizo huhesabiwa chuma chenyewe kikishafika kwenye joto hilo, si hewa ya ndani ya oveni. Bati jembamba hufika haraka. Ngao (kinga ya chuma ya mbele ya gari) ya bomba nene huchelewa sana, na fundi asiye na kipima joto cha kugusa chuma huitoa ikiwa bado mbichi.

Njia hii ilianzia Ujerumani miaka ya 1950, Erwin Gemmer alipokuwa anazamisha vyuma vya moto kwenye unga uliorushwa na hewa. Kupuliza kwa umeme kulienea baadaye.

Na "rangi ya kawaida" ni ipi?

Kwenye maduka yetu ya rangi za magari utakutana na mbili. NC hukauka kwa tina kuruka tu, na ukiipangusa kwa tina hata baada ya mwaka mmoja inalainika. 2K inachanganywa na hadina, yaani kigumishi, na hugandishwa na mmenyuko wa kemikali. Mtu anapolinganisha rangi ya unga na NC, unga unashinda kwa mbali na hakuna cha kujadili. Ushindani wa kweli ni kati ya unga na 2K iliyopigwa juu ya praima ya epoksi, yaani rangi ya chini inayoshika chuma. Kwa hiyo fundi akikutajia bei ya "rangi ya kawaida", muulize ni ipi kati ya hizo.

Ipi inadumu zaidi?

Kwa kokoto na mikwaruzo midogo, unga. Safu moja hutoka na unene wa mikroni 60 hadi 120, wakati safu ya klia (ile ya juu inayoonekana kama kioo) kwenye bodi ya gari jipya huwa kama 40 hadi 50. Na unga hauchuruziki kama rangi yenye tina.

Lakini angalia namna kila moja inavyokufa. Rangi ya 2K ikiachia, kutu inaonekana palepale. Unapiga msasa, unapaka praima, unaendelea. Unga ukipasuka mahali padogo, maji hupenya chini yake na kutambaa. Nje kunabaki kunang'aa miezi kadhaa huku chini chuma kinaliwa, halafu siku moja ngozi nzima inavuka. Pwani, kuanzia Tanga na Mombasa hadi Unguja, hewa ya chumvi inaharakisha jambo hilo.

Jua nalo lina maneno yake. Unga wa epoksi unashika chuma vizuri kuliko wote na haujali kemikali nyingi, ila juani hufifia na kuacha chokaa mkononi. Kwa kitu cha nje taka unga wa poliesta, au epoksi chini na poliesta juu. Ukiuliza "mnatumia unga wa aina gani?" na mtu wa kaunta akajibu "mzuri", omba kuona boksi.

Naweza kupiga bodi nzima ya gari langu rangi ya unga?

Hapana. Ili bodi iingie kwenye nyuzi 190 ingebidi utoe nyaya zote, raba, vioo, gundi ya viungo, plastiki, tenki na kila kitu chenye mafuta. Na gari lililowahi kunyooshwa lina puti ya kujazia mabonde, ambayo haikutengenezwa kuvumilia joto hilo. Itavimba na kuachia. Zaidi ya hapo, mlango ukigongwa huwezi kupiga kipande na kuchanganya rangi ipotelee kwenye ubavu wa jirani yake, kama fundi rangi anavyofanya kwa 2K.

Viwandani ni habari nyingine, maana kule bodi ni bati tupu. BMW walitumia klia ya unga kwenye kiwanda chao cha Dingolfing kuanzia miaka ya 1990, na fremu ya nje ya gari dogo la Smart ilikuwa ikipigwa unga. Usiruhusu mtu akutajie mifano hiyo kama sababu ya kuingiza Noah yako kwenye oveni.

Vitu gani vinafaa zaidi kwa unga?

Ngao, keria ya juu, ngazi za pembeni, fremu za viti, mabano ya betri, fremu ya tela ndogo, sahani za kulinda injini, rimu za chuma. Vyote hivi hufunguka kwa bolti, vinabaki chuma kitupu, na havina raba wala mafuta ndani. Kwenye kundi hili mimi sisiti, unga.

Tahadhari moja ni kwa mabomba ya zinki. Zinki hutoa hewa ikipata joto, na hewa hiyo hupenya kwenye unga unaoyeyuka na kuacha vitundu vidogo vya sindano. Karakana inayojua kazi huoka kipande kitupu kwanza, kwa joto la juu kidogo kuliko la rangi, ndipo inapuliza. Alumini iliyomiminwa ina tabia hiyohiyo.

Pembe za ndani nazo zina tatizo. Umeme haupendi kuingia kwenye kona iliyojificha, kwa hiyo unga hushika mdomoni mwa kona na kuacha ndani peupe. Kipande chenye kona nyingi, kagua kwa tochi kabla hujakipokea.

Rimu za aloi je?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalofanyiwa mzaha kuliko yote.

Rimu ya aloi ilipata nguvu zake kiwandani kwa kupikwa na kukomazwa, na aloi nyingi za rimu hukomazwa kwenye joto la nyuzi 150 hadi 180 kwa saa kadhaa. Ukiichoma kwa nyuzi 200 na zaidi kwa muda mrefu, au ukiirudisha oveni mara kwa mara kwa kuwa rangi haikukupendeza, unaanza kuilainisha. Mara moja, kwa dakika chache, na unga unaoiva kwa joto la chini, ni jambo ambalo karakana nyingi duniani hufanya bila shida. Fundi anayepandisha joto "ili iive haraka" anachezea kitu kinachobeba familia yako. Watengenezaji wengine wa rimu hawaruhusu kabisa kuoka upya, na neno lao ndilo la mwisho kwa rimu yao.

Rimu yenye ufa usiifiche chini ya rangi yoyote. Kagua ikiwa tupu, kabla ya praima.

Sehemu mbili lazima zibaki bila rangi: uso unaokutana na habu, na vikombe ambamo nati za tairi hukaa. Rangi nene hapo hubonyea gari likitembea, nati zinalegea, na tairi linaweza kutoka njiani. Ni kweli kwa rangi zote, ila unga una hatari zaidi kwa sababu ya unene wake. Mwambie fundi azibe sehemu hizo kabla ya kupuliza, asikwangue baadaye. Na ukishafunga, kaza nati upya kwa spana ya vipimo baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kama rimu ina mikwaruzo ya ukingo wa barabara tu, 2K inatosha kabisa. Wala huhitaji kutoa tairi zote kwa siku moja na kuacha gari juu ya mawe.

Chesi ya Land Cruiser, Land Rover au pikapu?

Kuna watu watakaonikasirikia, lakini kwa chesi ya gari la kazi napendelea 2K juu ya praima ya epoksi. Kwanza, oveni ya kumeza chesi nzima si kila mji unayo. Pili, ili ufaidi unga ni lazima gari livuliwe lote, bodi itoke, nyaya na mabomba ya breki yatoke. Mwenye kujenga gari upya kuanzia sifuri, sawa. Mwenye gari linalopeleka mzigo Jumatatu, hapana. Tatu, chesi ya gari la barabara za vumbi itachubuka tu, na chenye kuchubuka kila mwaka kinataka rangi unayoweza kuirudishia uwanjani kwa brashi.

Magari mengi ya mitumba kutoka Japani, hasa ya kaskazini kwenye theluji, huja yakiwa yameshakula chumvi ya barabarani. Kutu yao huwa ndani ya chesi, kwenye mabomba yaliyofungwa, ambako unga haufiki na bunduki ya rangi haifiki. Huko ndani kunatakiwa nta ya kuzuia kutu inayoingizwa kwa mpira mrefu kupitia matundu ya chesi. Bila hiyo, uzuri wa nje ni wa kuuzia gari.

Ile desturi ya kumwagia chini oili chafu ya injini? Inapunguza kutu kwa muda, ni kweli. Pia inaharibu raba za bushi, inadondokea ardhini, na siku utakayotaka rangi halisi hakuna kitakachoshika hadi chuma kioshwe sana.

Springi, wishboni, shokomzoba?

Springi za mviringo zinapokea unga vizuri. Chuma chake kilikomazwa kwa joto kubwa kuliko la oveni ya rangi, na nyingi hutoka kiwandani zikiwa na unga. Usikubali zisafishwe kwa tindikali, maana haidrojeni huingia kwenye chuma kigumu na kukifanya kiwe rahisi kukatika. Zipigwe mchanga, yaani zisafishwe kwa chembe kali zinazorushwa na hewa.

Wishboni na krosimemba, ndiyo, baada ya bushi na bolijointi kutoka. Kama hununui bushi mpya, usiguse. Bushi iliyopita kwenye nyuzi 190 imekwisha.

Shokomzoba haiingii oveni kwa hali yoyote. Ina mafuta na mara nyingi gesi iliyobanwa, na inaweza kulipuka. Tenki la mafuta vilevile, hata kama "limekauka siku nyingi". Hizi zipigwe rangi ya kawaida zikiwa baridi.

Ekzosi, kalipa na vifuniko vya injini?

Unga wa kawaida haufai kwenye ekzosi. Manifoldi inapita joto lake mbali sana. Tumia rangi ya joto ya silikoni, ile inayovumilia hadi nyuzi 600 hivi, au kauri kama mfuko unaruhusu. Rangi ya silikoni huiva kwa hatua: unawasha injini, unaacha ipoe, unarudia kama kopo linavyoelekeza. Anayeipiga jioni na kupanda mlima asubuhi ataiona ikimenyuka.

Kalipa inaweza kupigwa unga ikivuliwa pistoni na sili zote, na unga huvumilia mafuta ya breki kuliko rangi nyingi. Lakini kuvua na kufunga kalipa ni kazi ya breki, si ya urembo. Kama lengo ni rangi nyekundu ionekane nyuma ya rimu, rangi ya kalipa ya makopo mawili kwa brashi inatosha. Uso wa diski unaokutana na pedi usipigwe chochote.

Kifuniko cha valvu, unga ni mzuri, kikioshwa mafuta vizuri na kuokwa kitupu kwanza.

Bampa la plastiki?

2K tu, na praima maalumu ya plastiki chini yake.

Fundi anasema atasafisha kwa mchanga wa pwani. Ni sawa?

Si sawa, mara mbili. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi iliyosukumwa kwenye matundu ya chuma itaanzisha kutu chini ya rangi yoyote utakayopiga. Halafu mchanga wa kawaida, hata wa mtoni, ukipasuka hutoa vumbi la silika linaloharibu mapafu ya fundi bila kurudi nyuma. Karakana ya maana hutumia ganeti, oksidi ya alumini au mabaki ya tanuri za madini, na mpuliziaji huvaa kofia yenye hewa yake.

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa. Nimeona unga wa bei ukivuka kwa kuwa ulipigwa juu ya kutu iliyosuguliwa kwa brashi ya waya ya grainda. Brashi hiyo hung'arisha kutu, haiitoi. Utaratibu unaofaa ni kuosha mafuta kwanza, kisha kupiga mchanga (kwa ganeti na wenzake, si mchanga wenyewe), kisha kupuliza vumbi, kisha rangi saa hizohizo. Ukianza kwa mchanga kabla ya kuosha, unapigilia grisi ndani ya chuma. Na chuma kitupu kikilala usiku mmoja Dar es Salaam au Mombasa, asubuhi kina wekundu. Usipokee kauli ya "tumeshapiga mchanga, rangi wiki ijayo".

Kwa rangi ya kawaida, unyevu una madhara mengine. Hadina ya 2K humenyuka na maji na kutoa mapovu, kwa hiyo kompresa lazima iwe na chujio la maji lililomwagwa asubuhi hiyo. NC ikipigwa mvua ikitishia, hutoka na ukungu mweupe.

Nitajuaje kama unga umeiva?

Chukua pamba yenye asetoni, sugua sehemu iliyojificha mara kadhaa. Mng'ao kupungua kidogo ni kawaida. Rangi ikilainika, ikanata au ikatoka kwa wingi kwenye pamba, haikuiva. Mara nyingi chanzo ni umeme kukatika katikati ya kupika, na fundi kuona kwa macho kwamba "imeyeyuka vizuri". Kuyeyuka na kuiva ni vitu viwili. Uliza kama oveni ni ya gesi au ya umeme, na umeme ukikatika wanafanya nini.

Karakana yenye kipima unene isione vibaya ukiomba vipimo. Uso wenye mabonde madogo wa ganda la chungwa si lazima uwe kasoro kwenye ngao. Kwenye rimu ya kung'aa, ni haki yako kuulalamikia.

Naweza kupata rangi ninayotaka?

Kwa 2K, karibu yoyote. Fundi anachanganya mpaka inafanana na gari. Unga hauchanganywi hivyo. Ukichanganya unga wa buluu na wa njano hupati kijani, unapata madoadoa ya buluu na njano. Unachagua kwenye kadi ya msambazaji, basi. Kama kipande lazima kifanane na bodi, nenda 2K.

Gharama zikoje?

Kwa kipande kimoja, sehemu kubwa ya bei ni kusafisha, na hiyo utailipa kwa rangi yoyote ikiwa unataka kazi ya kweli. Unga una nafuu vipande vikiwa vingi na vya rangi moja, kwa sababu karakana hulazimika kusafisha kibanda na bunduki kila inapobadili rangi. Ndiyo maana nyeusi huwa rahisi: wanaipiga kila siku. Ukikubali kusubiri zamu ya nyeusi, omba punguzo, watakupa. Peleka vipande vikiwa vimeshafunguliwa bushi, beringi na bolti, la sivyo utalipia muda wa mtu mwingine kupambana na bolti zako.

Fremu ya pikipiki ya bodaboda?

Unga unaifaa sana, ila namba ya chesi izibwe kabla ya kupigwa mchanga na kabla ya unga. Namba iliyofutika au kujazwa rangi itakuletea maswali polisi na siku ya kuuza. Nyuzi za bolti zizibwe pia, na sehemu waya wa ethi unapofungwa ikwanguliwe hadi chuma kionekane, kwa kuwa unga haupitishi umeme. Taa zinazofifia baada ya fremu kupigwa rangi mara nyingi ni jambo hilo tu.

Naweza kupiga mwenyewe nyumbani?

Epoksi na rangi ya chesi kwa brashi, ndiyo. Kupuliza 2K kunataka tahadhari kubwa: hadina yake ina isosianati, inayoweza kukupa pumu ya kudumu, na kitambaa puani hakizuii kitu. Unahitaji barakoa yenye vichujio vya mvuke vilivyo vipya, na mahali pa wazi mbali na watoto. Waliokwisha kupata pumu wasiguse. Unga nao ukijaa hewani kwenye chumba kilichofungwa unaweza kulipuka kwa cheche, na oveni iliyotumika kwa rangi haipiki mkate tena.

Unga wa ngao yangu umechubuka. Nipige upya yote?

Siyo lazima. Kwangua hadi ukingo ulioshika imara, piga msasa namba 320 kuzunguka, paka praima ya epoksi na juu yake 2K ya rangi inayokaribiana. Kiraka kitaonekana ukiangalia kwa karibu. Rangi ya kawaida hushika juu ya unga ulioparuzwa vizuri. Kinyume chake, unga juu ya rangi ya zamani, usikubali, rangi ya chini itaungua ndani ya oveni. Kiraka hicho kipige wiki hiyohiyo uliyoona mchubuko, hasa kama gari linalala karibu na bahari.